Bunia: Mtoto ana uvimbe tumboni? Tansio kwanza, sindano baadaye

Leo naacha habari za barabara na bei ya mihogo. Naandika juu ya tumbo la mtoto.

Mtoto wa dada yangu, miaka 14, alilalamika ubavu wa kushoto kwa miezi mitatu. Tuliambiwa ni bandama ya malaria. Halafu minyoo. Jirani mmoja pale Mudzipela akaleta maneno ya uchawi, na feza kidogo ikapotelea huko pia. Ekografi ndiyo iliyoonyesha mfuko wa maji juu ya figo, ndani ya ile tezi ndogo inayokaa pale kama kofia.

Ni ugonjwa wa nadra, zaidi kwa vijana. Munganga anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, kwa hiyo aliyesema bandama simlaumu. Ninacholalamikia ni mahali pamoja tulipopita, ambapo walitaka kuchoma sindano wavute maji siku ileile, hata tansio ya mtoto hawajapima.

Tezi hiyo ndiyo inayotengeneza adrenalini. Kuna uvimbe wake unaoonekana kama mfuko wa maji tu, kumbe unamwaga adrenalini kwenye damu. Ukiuchoma au ukiupasua bila kumtayarisha mgonjwa kwa dawa, tansio inaruka ghafla na anaweza kufia juu ya meza. Kuna na mfuko unaoletwa na mnyoo wa mbwa. Maji yake yakimwagika ndani, mwili unaweza kupata mshtuko mkali. Kwa mtoto mdogo, lazima kwanza kuhakikisha si kansa. Lakini mtoto mchanga aliyezaliwa kwa shida anaweza kuvuja damu ndani ya tezi hiyo, na mara nyingi inanywea yenyewe baada ya wiki kadhaa. Huyo hahitaji kisu, anahitaji kurudishwa ekografi.

Najua kipimo cha homoni, kwa damu au mkojo, kwetu ni shida, na familia nyingi zinaishia kuhesabu dola za kuvuka Mahagi kwenda Kampala. Hilo ni deni la serikali na nitalidai siku zote. Lakini mashine ya tansio? Kasoro ni kwamba mara nyingi mkanda wake ni wa mtu mkubwa. Ukiufunga kwenye mkono mwembamba wa mtoto, namba inatoka chini kuliko ukweli. Idara ya afya ya jimbo inunulie vituo mikanda ya watoto. Haiwezi kuwa bei ya skaneri!

Wa kwetu tansio ilikuwa sawa, vipimo vikatoka vizuri, mfuko una sentimita 3. Munganga wa pili akasema tusubiri, tumrudishe baada ya miezi sita. Dada alikasirika, akidhani tunafukuzwa. Kumbe kwa mfuko mdogo usiomwaga homoni, kusubiri kwa kuangalia ni matibabu. Ukikua, ukiuma sana au ukibadilika sura, hapo ndipo kupasuliwa kunazungumzwa.

Ila bila karatasi ya kwanza, ekografi ya pili haiwezi kusema kama umekua. Fikiria familia zilizokimbia Djugu tangu Desemba 2017, leo ziko Kigonze: nani aliyebeba karatasi za hopitali akikimbia usiku? Piga picha kwa telefone, mtumie na ndugu aliye mbali.

Ya kwetu iko katika telefone tatu. Mtoto anarudi kupimwa mwezi ujao.