"Hali ya Anga Imekuwa Ikibadilika Tangu Zamani." Na Nani Alikuambia?

Wasee, hii hoja imenichosha. Ukitaja tu kwamba dunia inazidi kupata joto, lazima mtu hapa Eldoret, kwa kinyozi ama steji ya matatu, akujibu: "Hali ya anga imekuwa ikibadilika tangu zamani. Tulia."

Sawa. Ulijuaje? Babu yako hakuwepo, kipimajoto pia hakikuwepo. Uliambiwa na mawe na matope.

Kwenye mapango ya chokaa, maji hudondoka tone kwa tone na kuacha madini, tabaka juu ya tabaka, hadi nguzo inasimama. Wanasayansi huikata, wakapima urani na thori ili kujua umri, kisha oksijeni ili kusoma mvua na joto la enzi hizo. Mapango ya China yametoa rekodi ya miaka 640,000.

Mapango yetu ya Mlima Elgon, kama Kitum ambako ndovu huingia kukwangua chumvi, ni ya mwamba wa volkano. Kwa hivyo shahidi wetu wa karibu ni matope ya ziwa. Mwaka wa 2013 watafiti walitoboa ardhi Baringo, ng'ambo tu ya Bonde la Kerio, wakatoa nguzo ya udongo ya mita 228. Umri wake? Kati ya miaka milioni 3.3 na 2.6.

Na ndiyo, matabaka ya Baringo yanakubali: maziwa makubwa yalijaa, yakakauka, yakajaa tena. Lakini mzunguko mmoja ulichukua takriban miaka 23,000, kufuata jinsi mhimili wa dunia unavyoyumba polepole. Sisi tumepandisha joto kwa zaidi ya digrii 1 kwa miaka kama 170 pekee, kwa kuchoma makaa na mafuta. Huo si mhimili, boss. Ni sisi.

Halafu hata hiyo "zamani" unayoitaja si faraja. Ziwa likikauka, viumbe wa wakati huo walihama ama wakafa. Hawakuwa na ekari tano za mahindi Moiben, mkopo wa mbolea na karo ya muhula wa pili. Mvua ya Machi ikikosa kufika, wewe utahamia wapi?

Kwa hivyo ukitaka kuita mawe na matope kama mashahidi, waite. Lakini wasikilize hadi mwisho. Kumkatiza shahidi katikati ya sentensi si hoja, ni uoga.