Macho Kabla ya Mikono

Mwaka 2019, huko New Zealand, kampuni moja ya matunda iliingiza shambani roboti iliyoundwa na Abundant Robotics ya California, ikawa ndiyo mara ya kwanza matufaha kuchumwa kwa mashine ya namna hiyo kwa ajili ya soko: kamera zikilitafuta tunda katikati ya majani na kupima kama limeiva, kisha mrija wenye nguvu ya kufyonza ukalivuta kutoka tawini bila kulitia alama. Lakini ili mashine ile ipate kufanya kazi, ilipasa miti yenyewe ipandwe kwa kubanana na kupogolewa hata ikawa myembamba kama ukuta, maana roboti haijui kupenya kichaka. Na juu ya taabu na gharama hizo zote, kampuni iliyoiunda ilifunga milango yake mwaka 2021. Nayataja haya kwa kuwa wako miongoni mwetu, wilayani Mbulu na Hanang, na aghalabu ni vijana wasomi, wanaodhani kwamba kilimo cha kisasa cha matunda ndiyo roboti, na kwamba asiyekuwa nayo amekwisha kuachwa nyuma.

Elimu hii mpya, ndugu zangu, ina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Yako macho, nayo ni vyombo vya kupima unyevu wa udongo, joto, umande juu ya jani, na picha zipigwazo na ndege ndogo zisizo na rubani. Na iko mikono, yaani hizo roboti za kuchuma, kupogoa na kupalilia, kama zile zipitazo juu ya safu za mizabibu huko Ufaransa. Dai langu ni kwamba tuyatafute macho leo, na mikono na isubiri. Roboti ilizaliwa na uhaba wa vibarua katika nchi ambako ijara ya mchumaji ni ghali mno. Kwetu vijana wanazunguka Katesh na Dongobesh wakitafuta kibarua, nasi tungekuwa tumenunua kwa fedha za kigeni dawa ya maradhi tusiyougua.

Wala watu wa Hanang hawana udhuru wa kutoijua hatari ya kuanza na mikono. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilishika takriban ekari 100,000 katika nyanda za Basotu na jirani zake, likalima ngano kwa matrekta na mashine za kuvunia zilizotoka ng'ambo. Ngano ilipatikana, tena nyingi, sikatai. Lakini Wabarabaig walipoteza malisho yao bora, madai ya ardhi ya kijiji cha Mulbadaw yakafika hadi Mahakama ya Rufani, na msaada ulipokoma ikadhihirika jinsi kazi yote ilivyotegemea mifuko ya watu wengine.

Sasa, ili mwone faida ya macho, tazameni mparachichi, mti ambao wengi wanauwekea matumaini. Mti huu hauvumilii maji kutuama: mizizi ikilowa siku nyingi, vimelea vifananavyo na ukungu huiozesha, na mzizi uliooza hauwezi tena kunyonya maji, kwa hiyo majani hunyong'onyea na kujikunja kana kwamba mti una kiu. Mkulima akiona hivyo, kwa huruma, anaongeza maji. Naye kwa huruma hiyo hiyo anauua. Hapo jicho la mwanadamu, hata la mzee aliyelima miaka hamsini, linadanganyika, kwa kuwa ugonjwa uko chini lisikofika.

Dawa ya upofu huo imekwisha kujaribiwa hapa hapa nchini. Katika skimu za Kiwere na Magozi, mkoani Iringa, wakulima walipewa kifaa kiitwacho Chameleon, kilichobuniwa na wataalamu wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia. Vihisi vyake hufukiwa katika vina mbalimbali, na kila kimoja hupima ni kwa nguvu gani udongo umeyashikilia maji. Taa ya bluu ikiwaka, maji ni tele; ya kijani, yanatosha; nyekundu, pamekauka. Haihitajiki kujua kusoma wala kuandika. Wengi waligundua kwamba walikuwa wakimwagilia kupita kiasi na kuisukuma mbolea chini ya mizizi, wakapunguza zamu za maji, na ugomvi wa mfereji nao ukapungua. Mkulima wa kitunguu saumu wa Mbulu, aupimaye udongo kwa kuufinyanga kiganjani, atazielewa taa hizo siku ya kwanza.

Picha za angani zina manufaa pia, kwani jani lililodhoofika hubadili namna linavyorudisha mwanga kabla jicho halijatambua. Ila zinaonyesha mahali penye shida, si shida yenyewe, na bado atahitajika bwana shamba wa kwenda kuchimba aone (ikiwa pikipiki yake ina mafuta).

Basi vyama vyetu vya ushirika vianze na kifaa kimoja cha kusomea vihisi hivyo kwa kila kijiji, chenye kuzungushwa zamu kwa zamu, na matokeo yabandikwe ofisini wote wayaone. Na muuzaji akija, aulizwe mbele ya mkutano: kikiharibika kitatengenezwa wapi, nani atawafundisha watu kwa Kiswahili, na habari za mashamba yetu zitakaa mikononi mwa nani. Akishindwa kujibu, na arudi na mzigo wake.