Mji Ulionyang'anywa Habari Zake

Muhula uliopita Chama chetu kilijadili hoja hii: "Kituo cha televisheni kisicholeta faida kifungwe." Nilikuwa upande wa wapinzani, na tulishindwa, tena vibaya. Mtetezi mmoja wa Kidato cha Tatu aliipiga meza akauliza, "Bwana Spika, kwani runinga ni dawa, watu watakufa wakiikosa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sikuwa na jawabu siku ile. Leo ninalo, na namshukuru mhariri kwa kunipa nafasi hii.

Jawabu lenyewe liko mbali, katika mji wa Windsor nchini Kanada. Mji huo uko mpakani kabisa, unatazamana na Detroit ya Marekani, na kati yao ni mto tu. Pana daraja lililofunguliwa mwaka wa 1929 na njia ya chini ya mto iliyofunguliwa 1930, na watu huvuka kwenda na kurudi kama tunavyovuka sisi pale Busia au Namanga. Tena kuna kichekesho: mahali pale ukitoka Kanada kwenda Marekani unaelekea kaskazini! Asiyeniamini amwombe mwalimu wa Jiografia ramani.

Tarehe 16 Septemba 1954 mji huo ulipata kituo chake cha televisheni, CKLW, chaneli ya 9. Kilikuwa cha Windsor kwa jina, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo. Na yasiwe huko kwa nini? Windsor hata leo ina watu 200,000 na ushei, ilhali Detroit na viunga vyake inapita milioni 4. Anayeuza sabuni atatangaza kwa nani? Wenye kituo pia walikuwa wa ng'ambo. Miaka ya sitini kilikuwa mikononi mwa RKO General, kampuni ya Marekani. Watu wa Detroit wakakipenda kama chao. Walimtazama Bill Kennedy akiwaonyesha filamu za zamani na kuwapigia soga juu yake. Vijana nao walikuwa na Robin Seymour na kipindi chake cha dansi, Swingin' Time, ambapo waimbaji wa Motown walipita kama kwao, maana Motown wakati huo ilikuwa kampuni ya muziki ya hapo hapo Detroit. Kwa kweli, kituo kilishiba.

Kanada haikufurahi. Mwaka wa 1968 ilitunga sheria mpya ya utangazaji, na serikali ikaagiza kwamba wageni wasimiliki zaidi ya asilimia 20 ya kituo chochote nchini. Hapo RKO ikabanwa, na mwaka wa 1970 ikauza. Wanunuzi walikuwa kampuni ya Baton pamoja na CBC (si mtaala wetu jamani, ni shirika la utangazaji la taifa la Kanada, kama KBC yetu). Mwaka wa 1975 CBC ikakichukua chote na kukibadilisha jina kikawa CBET.

Mimi sheria hiyo naiunga mkono. Nchi haiwezi kuwaachia majirani sauti yake. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani ni jambo moja, na kumlisha ni jambo jingine. Wauzaji wa vipindi vya Marekani waliihesabu Windsor kuwa sehemu ya soko la Detroit, kwa hiyo vipindi vingine vya Kimarekani vilivyoonyeshwa na vituo vingine vya CBC, Windsor haikupata ruhusa ya kuvionyesha. Jamani, mpaka gani huu? Serikali inasema mji ni wa Kanada, wafanyabiashara wanasema ni wa Detroit, na mwenye runinga anabaki katikati akizungusha kitufe.

Kitu ambacho Detroit haikuweza kuwapa watu wa Windsor kilikuwa kimoja, nacho ni taarifa ya habari za Windsor yenyewe. Hicho ndicho kilichokatwa. Mwezi wa Desemba 1990, CBC ikiwa na upungufu wa fedha, ilitangaza kufuta kazi zipatazo 1,100 na kufunga au kupunguza vituo kadhaa. Windsor ikapoteza habari zake. Mwaka huo huo, kwetu Kenya, KTN ilikuwa imeanza kurusha matangazo na watu wa Nairobi wakishangilia kupata chaneli ya pili. Windsor wao wakaambiwa watazame habari za kutoka Toronto, umbali wa kilomita 370 hivi.

Sasa fikiri. Runinga katika nyumba hizo zilikuwa zimejaa picha. Vituo vya Detroit vilikuwa tele. Mtu aliweza kujua ni nyumba ipi iliyoungua Detroit usiku uliopita. Lakini baraza la mji wake limeamua nini juu ya kodi? Kiwanda cha magari anachofanyia kazi ndugu yake kinaajiri au kinafukuza? Hayo hayakuwa kazi ya Detroit, wala si ya Toronto. Maelfu ya watu wa Windsor wakatoka barabarani kuandamana. Ilichukua hadi 1994 habari zao kurudi hewani. Miaka minne!

Najua mpinzani wangu atasema gazeti lilikuwepo. Ni kweli, Windsor Star lilikuwepo, na redio pia. Lakini mji wenye jicho moja tu la kujitazamia humtegemea sana mwenye jicho hilo, na akisinzia nani atajua?

Sisemi haya kwa kubahatisha. Mimi ni mtoto wa mpakani. Nyumbani kwetu Busia simu hudaka mtandao wa Uganda hata hujavuka, na nyanya yangu hufungulia redio za ng'ambo kutwa nzima. Mwaka juzi alijua bei ya ndizi za Uganda asubuhi na mapema, lakini kwamba kivuko cha kijito chetu kilikuwa kimesombwa na maji, aliambiwa jioni na mtoto aliyerudi amelowa mpaka kiunoni. Nyanya alinyamaza kidogo, akaizima redio. Siku ile hakuiwasha tena.

Basi ndugu yangu wa Kidato cha Tatu, ambaye sasa uko cha Nne, uliuliza kama runinga ni dawa. Naomba uwaulize waliokanyaga barabara za Windsor. Na ninamwomba mwalimu mlezi airudishe hoja ile ukumbini kabla hujakalia KCSE na kututoroka. Safari hii nipewe mimi nafasi ya kwanza kuzungumza.