SAMORA NA UWANJA WA NACHINGWEA



Samora Machel twamheshimu, na heshima hiyo ni haki yake. Alikuwa muuguzi wa hospitali. Mwaka 1963 akajiunga na FRELIMO, akajifunza vita Algeria, na kambi ya Nachingwea, jirani na Ruangwa, ikawa chuo chake cha kufundisha wapiganaji waliovuka Ruvuma kumng'oa Mreno. Mwaka 1970 akawa Rais wa chama. Tarehe 25 Juni 1975 akawa Rais wa Msumbiji huru.

Lakini uwanja ule ule wa Nachingwea ulishuhudia jambo jingine. Mwezi Mei 1975, kabla bendera haijapanda, Uria Simango, aliyekuwa Makamo wa Rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya halaiki akalazimishwa kusoma maungamo ya usaliti. Baadaye aliuawa kwa siri, bila ya kufikishwa mahakamani. Samora alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1986; vyama vingi vikaruhusiwa Msumbiji mwaka 1990. Simango hakuwapo kuviona.

Sisi twasema: aliyemng'oa dhalimu hapati kwa hilo ruhusa ya kudhulumu. Uhuru unaomnyima mpinzani hakimu ni nusu ya uhuru.

Nasi tusijione tumesalimika. Mti huanza kupinda ungali mche. Basi katika matawi yetu, tangu leo, mwenye rai mbali asiitwe msaliti kabla hajasikilizwa. Tukishindwa hilo tungali wapinzani, tutaliwezaje siku tukitawala?