Viini Vinane, Daftari Moja

Tuseme shamba la mpunga pale Ipyana, wilayani Kyela, linamgharimu mtu mmoja siku kumi za kazi: tisa za kuvuna, kupura na kupepeta, na moja ya kukoboa kwenye mashine ambayo ni moja tu kijijini. Wakija watu tisa kwa ujima, siku tisa zile zinakuwa moja, na kazi yote inakwisha kwa siku mbili. Wakija tisini, shamba linamalizika asubuhi, lakini foleni ya mashine iko palepale. Hata wakija mia tisa, mchele hauwezi kuwa tayari chini ya siku moja. Mikono imeongezeka mara mia tisa na kasi haijafika hata mara kumi. Hesabu hii ndiyo aliyoieleza Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa IBM, mwaka 1967: kazi inayofanywa na wengi kwa pamoja huwekewa kikomo na ile sehemu yake isiyogawanyika. Ninaanza na mpunga kwa sababu jambo ninalotaka kulijadili, yaani namna ya kuandika programu kwa ajili ya kompyuta zenye viini vingi (wakokotoaji wengi ndani ya prosesa moja), huzungumzwa kana kwamba ni la mashine. Kwa maoni yangu ni jambo la kugawa kazi, na linapaswa kuamuliwa kabla mtu hajaandika mstari wa kwanza wa programu.

Kwa miaka mingi uamuzi huo uliweza kuahirishwa. Prosesa ya mwaka huu ilikuwa na kasi kuliko ya mwaka jana, na programu ileile, bila kuguswa, ilikimbia zaidi. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walikuwa wameeleza kwa nini: transista zikipunguzwa ukubwa, umeme unaotumiwa na kila moja hupungua kwa uwiano, kwa hiyo kasi inaweza kupandishwa bila prosesa kuungua. Katikati ya miaka ya 2000 uwiano huo ulivunjika. Transista zilikuwa zimekuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na joto likawa halizuiliki. Mwaka 2004 Intel iliachana na prosesa iliyokuwa ikiiandaa kwa jina la Tejas, na mwaka uliofuata kampuni hiyo na mshindani wake AMD zikaanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za mezani. Tangu hapo nguvu mpya imekuja zaidi kwa kuongeza wafanyakazi kuliko kwa kumkimbiza mmoja. Simu janja ya bei ya chini inayouzwa leo mjini Kyela kwa kawaida ina viini vinne au vinane. Programu iliyotungwa kwa fikra ya mfanyakazi mmoja hukitumia kimoja, na vilivyobaki vinamtazama mwenzao.

Njia iliyozoeleka ya kuwapa kazi wote ni kuwaacha wafanyakazi wengi, ambao wataalamu huwaita nyuzi, wasome na kuandika katika kumbukumbu moja. Ni makarani wanane na daftari moja. Chukua akaunti ya pesa za simu yenye shilingi 50,000. Maombi mawili ya kutoa 40,000 yanaingia kwa pamoja. Karani wa kwanza anasoma salio na kuona linatosha. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma salio lilelile na kuona linatosha. Wote wanalipa, wote wanaandika kwamba zimebaki 10,000. Akaunti ya 50,000 imetoa 80,000, na daftari linaonekana safi kabisa. Dawa ya kawaida ni kufuli: anayeshika daftari hulifunga mpaka amalize. Lakini kufuli nazo zina maradhi yake. Mtu wa Matema anamtumia pesa mwenzake wa Ipyana, na nukta hiyohiyo yule wa Ipyana anamtumia wa Matema. Muamala wa kwanza umeifunga akaunti ya Matema unaisubiri ya Ipyana; wa pili umeifunga ya Ipyana unaisubiri ya Matema. Itasubiriana milele. Inawezekana kuagiza kwamba akaunti yenye namba ndogo ifungwe kwanza daima, na agizo hilo litafanya kazi mradi kila atakayeigusa programu hiyo, mwaka huu na miaka kumi ijayo, alikumbuke. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Makosa ya namna hii mara nyingi hayajitokezi kwenye majaribio kwa sababu yanahitaji wawili wagongane kwa bahati. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi iliyozidi mno, na baadhi yao wakafariki. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba mwendeshaji mzoefu aliweza kurekebisha maelekezo kwa haraka kuliko sehemu nyingine ya programu ilivyotarajia. Mgeni aliyeandika polepole asingeliona kosa hilo.

Upo mpangilio mwingine, na mfano wake bora umo katika kazi inayougusa mwambao wetu wa Ziwa Nyasa kila siku, nayo ni utabiri wa hali ya hewa. Mwaka 1922, kompyuta hazijazaliwa, Mwingereza Lewis Fry Richardson aliwaza ukumbi mkubwa wa duara wenye watu 64,000 wanaokokotoa hewa ya dunia nzima. Kila mmoja anashughulikia eneo lake tu, na majibu yake yanawekwa mahali ambapo jirani zake wanayaona. Katikati amesimama kiongozi anayemulika mwanga mwekundu hafifu kwa wanaotangulia wenzao na wa buluu kwa wanaochelewa. Ukumbi huo haukujengwa, lakini ndio unaofanya kazi leo ndani ya kompyuta. Modeli ya WRF iliyotengenezwa Marekani, ambayo ni mojawapo ya zile zinazotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, huikata ramani vipande vipande. Kila kipande kina mfanyakazi wake na kumbukumbu yake, na kila hatua ikikamilika majirani hupeana ukanda mwembamba wa mpakani, basi. Hakuna anayeandika katika daftari la mwenzake.

Kwa nini hili liwe na uzito Kyela? Pale Matema milima ya Livingstone inashuka karibu kabisa na ufukwe. Modeli inayoigawa nchi kwa miraba ya kilometa 9 inaweza kuliweka ziwa na mteremko wa mlima katika mraba mmoja na kuupa mwinuko mmoja wa wastani, ambao si wa ziwa wala si wa mlima. Ukiishusha hadi kilometa 3, miraba inaongezeka mara tisa, na hatua za muda nazo lazima ziwe fupi mara tatu, hivyo hesabu inakuwa mara ishirini na saba. Kiini kimoja hakiwezi kuibeba kazi hiyo kwa wakati, na utabiri wa kesho kwa mvuvi, au kwa abiria wa meli ya MV Mbeya II, ukifika keshokutwa hauna kazi tena. Kuna jambo jingine ambalo mgawaji asiyeijua nchi hulikosa. Mwezi Aprili, wakati Kyela ina mawingu mazito ya mvua, mraba ulio juu ya Ipyana una hesabu nyingi za matone na mvuke kuliko mraba ulio juu ya mahali pakavu. Ukigawa ramani kwa ukubwa sawa umegawa kazi isiyo sawa, na viini vya sehemu kavu vitamaliza mapema na kungoja. Taa ya buluu ya Richardson ingekuwa inamulika Kyela.

Mpangilio huohuo uko kwenye mawasiliano. Mwaka 1986 Joe Armstrong na wenzake katika kampuni ya Ericsson ya Sweden walianza kubuni lugha ya Erlang kwa ajili ya mitambo ya simu. Ndani yake kila kazi ni kitengo kidogo kisichochangia kumbukumbu na kingine. Vinaandikiana barua, na kimoja kikianguka kingine hukiinua. WhatsApp, iliyojengwa juu ya lugha hiyo, ilieleza mwaka 2012 kwamba seva yake moja ilihimili miunganisho zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja. Rudi sasa kwenye akaunti yetu ya shilingi 50,000. Ikiwa na karani wake mmoja anayepokea barua kwa foleni, ombi la pili linakuta 10,000 na kukataliwa. Kuhamisha pesa kati ya makarani wawili bado kunahitaji utaratibu makini, sikatai. Tofauti ni kwamba utaratibu huo sasa umeandikwa mahali panapoonekana, haukufichwa katika kumbukumbu ya mtu aliyeandika programu na kuhama kazi.

Atakayepinga atasema barua zina gharama, kwani kunakili ujumbe ni polepole kuliko kusoma kumbukumbu ya pamoja ndani ya prosesa moja. Ni kweli, na WRF yenyewe inaweza kukikata kipande kimoja kuwa vigae vinavyochangia kumbukumbu. Ninachotetea ni kipi kitangulie: anza kwa kutenganisha, kisha changanya pale tu vipimo vinapoonyesha faida. Mwingine atasema programu zetu nyingi ni ndogo. Hapo namuunga mkono. Orodha ya malipo ya kakao ya chama cha ushirika (AMCOS) yenye wanachama mia chache haihitaji nyuzi hata mbili, na kuiongezea ni kuiongezea makosa. Wa tatu ana hoja nzito zaidi. Seva zinakodishwa, kwa hiyo tukodi nyingi. Tena mtaalamu wa kompyuta John Gustafson alionyesha mwaka 1988 kwamba wafanyakazi wakiongezeka watu hawabaki na shamba lilelile, hulima kubwa zaidi. Naikubali, na kutoka miraba ya kilometa 9 hadi 3 ndiko kulima shamba kubwa zaidi. Lakini mashine ya kukoboa haijaondoka. Katika modeli za hewa, viini mia vikimaliza kukokotoa na kimoja kikabaki kuandika matokeo yote kwenye diski, vyote vinamngoja mwandishi huyo, na ndiyo maana WRF inaruhusu kutenga wafanyakazi wa kuandika tu. Fedha za kukodi seva hazimtambui mwandishi huyo. Anatambuliwa na aliyeichora kazi. Wapo pia wanaotegemea zana zigawe zenyewe. Lugha ya Rust, iliyotoa toleo lake la kwanza thabiti mwaka 2015, hukataa programu ambamo nyuzi mbili zinaweza kuandika mahali pamoja bila ulinzi. Huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo Rust haitamwambia mtu ni kazi ipi impe nani.

Mwaka 2013 vyama vya kitaaluma vya ACM na IEEE, katika mwongozo wao wa mitaala ya sayansi ya kompyuta, viliipa kazi ya sambamba, yaani ya wengi kwa pamoja, eneo lake lenyewe la maarifa. Ningependa vyuo vyetu, na nikitaja cha jirani nitakitaja Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), viilete katika mwaka wa kwanza, na iletwe bila kompyuta. Mwanafunzi apewe ramani ya karatasi ya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa na nchi iliyo nyuma yake, kutoka Kasumulu hadi Matema, na penseli. Ana viini vinane. Achore mipaka ya vipande vinane, aonyeshe ukanda gani utapelekwa kwa jirani yupi baada ya kila hatua, ataje kipande kitakachochelewa mvua ikinyesha juu ya Ipyana na jinsi atakavyokipunguzia mzigo, kisha aizungushie duara ile sehemu ya kazi ambayo lazima ifanywe na mmoja. Maabara ifunguliwe baada ya karatasi hiyo kusahihishwa.