Nyumba Mpya Ipimwe na Mvua Kwanza

Saruji hutengenezwa Songwe, mbao hutoka Sao Hill. Mjenzi wa Mbeya au Iringa hana kisingizio cha vifaa hafifu. Hata hivyo, mara nyingi mnunuzi hulipa fedha zote siku ya kukabidhiwa funguo, rangi ikiwa bado inanukia. Nyufa huja baadaye, mvua za Novemba hadi Aprili zikishapima msingi na paa.

Sheria ya 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, lakini usajili peke yake haurudishi fedha za mtu. Katika miradi ya serikali, sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kipindi cha matazamio kiishe. Mnunuzi naye adai sharti hilo katika mkataba, kwa msimu mmoja wa mvua. Muuzaji akikataa, ameshasema nyumba yake ikoje.