Kovu Refu Si Majaliwa

Shangazi yangu alipotolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe, alirudi nyumbani na mshono uliokwenda mshazari chini ya mbavu za kulia. Kila kikohozi kilipomjia, aliukumbatia mto, akaubana tumboni kwa mikono miwili, ndipo akathubutu kukohoa. Wiki sita hakuinua ndoo ya maji wala hakumbeba mjukuu. Meza yake ya samaki sokoni ikachukuliwa na mwingine. Tulipouliza hospitalini kama hapakuwa na njia nyingine, tukajibiwa: ipo, lakini mjini, kwa wenye bima kubwa.

Jibu hilo linanichoma hadi leo, na nalitaja kwa jina lake: dhuluma.

Njia hiyo si ngeni. Tarehe 12 Septemba 1985, daktari Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo mjini Böblingen, Ujerumani, na wakubwa wa fani wakambeza. Mjerumani mwenzake, Kurt Semm, aliyetoa kidole tumbo kwa njia hiyo ya matundu, yaani laparoskopi, mwaka 1980, naye alishambuliwa vikali. Leo, katika nchi tajiri, mfuko wa nyongo kwa kawaida hutolewa hivyo. Mtoto aliyezaliwa siku ya Mühe sasa ni mtu mzima. Sisi tunangoja nini?

Katika njia hii mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, tumbo likajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake uinuke. Hutobolewa matundu matatu au manne, mengine ya milimita 5 tu, mengine kama 10. Tundu moja hupitisha kamera, mengine hupitisha vifaa virefu vyembamba, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Kwa kuwa misuli haikuchanwa, maumivu hupungua, kidonda hakitungi usaha kwa urahisi, na wagonjwa wengi wa nyongo hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Wenye kushika bajeti husema mashine ni ghali. Kweli, ni ghali. Lakini wao huhesabu bei ya kamera tu. Hawahesabu siku za kitandani, nauli ya ndugu anayeleta uji asubuhi na jioni, wala meza ya samaki iliyopotea. Gharama haikuepukwa! Imetolewa kwenye daftari la serikali, ikaenda kulipwa kwa fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga ya mama.

Na tusiambiwe kwamba Afrika haiwezi. Mwaka 2023 jirani zetu Rwanda walizindua mjini Kigali kituo cha IRCAD, taasisi ya Strasbourg, Ufaransa, cha kuwafundisha madaktari wa bara hili upasuaji wa aina hii. Penye nia pana njia.

Sidai kila tumbo litobolewe. Wapo wanaohitaji mkato mrefu, na daktari mwenye busara huacha matundu akapasua pale hali inapogeuka. Wala sitaki mashine ikabidhiwe kwa mbwembwe, kisha ifunikwe shuka. Miaka ya mwanzo ya njia hii, wapasuaji ambao mikono yao haijazoea walijeruhi mirija ya nyongo. Kwa hiyo mafunzo yatangulie, fundi wa vifaa tiba awepo, mitungi ya gesi isikauke, umeme usikatike katikati ya kazi.

Hayo yakiwekwa sawa, kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na huduma hii, na bima ya mtu wa kawaida iilipie. Nawe ukiambiwa utapasuliwa, usiogope koti jeupe. Uliza: "Daktari, hii haiwezekani kwa matundu?" Ni haki yako kujibiwa.

Shangazi hulipapasa kovu lake akasema ndivyo Mungu alivyopanga. Hapana, shangazi yangu. Maradhi sawa, tumwachie Mungu. Bajeti ile ilipangwa na watu, na watu wanaweza kuipangua.